Cheti cha Usingizi

Kinyozi mmoja aliyejipa jina la Wembe alikuwa na maoni juu ya kila kitu: mpira, wake za watu, na zaidi ya yote usingizi, jambo ambalo hakulijua hata chembe. "Glasi tatu za pombe kali kabla ya kulala," aliwaambia wateja, "na mwanamume analala kama gogo." Nyuma ya pazia, kwenye cherehani yake, mkewe alisonya.

Gogo gani linalokoroma? Yeye ndiye aliyelala kando yake miaka ishirini na sita. Siku ambazo hakunywa, mumewe alikoroma tu, kero ya kawaida. Akinywa, mkoromo ulikatika ghafla, kifua kikahangaika bila hewa kupita, na mkewe akaanza kuhesabu: kumi, ishirini, arobaini. Kisha mwanamume mzima alishtuka akitweta, akageuka upande, akaanza upya. Asubuhi kichwa kilimgonga, naye akaapa kwamba amelala vizuri mno. Kufikia saa nne alikuwa anasinzia wima, wembe mkononi.

Siku alipomkata sikio mwalimu mstaafu, alimlaumu mwalimu kwa kutikisika. Mkewe akamkokota hadi kliniki. Daktari, mwanamke mpole kupita kiasi, alimweleza polepole: "Mzee, koo lako linajifunga ukilala. Pombe inalegeza misuli, basi linajifunga zaidi. Na ubongo uliolewa unachelewa kukuamsha uvute hewa. Ndiyo maana unashinda na usingizi mchana." Akampa kifaa cha kupima pumzi, cha kuvaa kidoleni na kifuani, alale nacho nyumbani usiku mmoja. "Ila lala kama unavyolala siku zote. Usibadilishe kitu."

Basi bingwa wetu akaacha pombe siku tano. Aliuona uchunguzi kama mtihani wa shule, na mtihani ni wa kufaulu. Majibu yakarudi: tatizo dogo. Akaipeleka karatasi ya majibu ikatiwe plastiki, akaitundika kando ya kioo, juu ya orodha ya mitindo, na jioni hiyo akanywa glasi tano kuisherehekea afya yake.

"Umemdanganya nani sasa?" mkewe alimuuliza. "Daktari halali na wewe. Mimi ndiye ninayelala na wewe."

"Wivu huo. Soma cheti."

Sikio la kufa halisikii dawa. Mkewe akamdharau kimyakimya, na wateja walipouliza mbona mumewe anasinzia akajibu kama alivyojibu miaka yote: amechoka tu.

Jambo moja bado alimheshimia. Kila mtoto wa familia yao alinyolewa nywele za kwanza na Wembe, na hakuna hata mmoja aliyepata mkwaruzo. Kwa hiyo binti yao alipomleta kichanga wake wa miezi mitatu anyolewe, bibi alifurahi kweli. Lakini binti alipitia mlango wa nyuma, akainama kwenye cherehani. "Mama, niambie ukweli. Baba yuko sawa?"

Mama alifunua pazia. Wembe alikuwa amesimama nyuma ya kiti, kidevu kifuani, macho yamefumbwa, wembe wazi mkononi. Mteja alikuwa na povu lililoanza kukauka shavuni, akimtazama kwenye kioo bila kuthubutu kumeza mate.

"Amecho..." mama alianza. Alikunja kitambaa alichokuwa anashona, akamchukua mjukuu, akapita katikati ya duka, mbele ya cheti, akavuka barabara. Upande wa pili alikuwapo kinyozi ambaye mumewe alimwita mkata majani. Bibi akakaa kitini, akampakata mtoto na kukishika kichwa chake kwa mikono miwili.

Kabla mashine haijawashwa, Wembe alitokea mlangoni, amevimba macho, ameing'oa ile karatasi ukutani. Nyuma yake, barabarani, alisimama mteja wake akiwa amenyolewa shavu moja.

"Huyo mjukuu ni wangu!" alifoka. "Nina cheti mimi!"

Mkata majani alisita. "Shemeji, tusubiri kwanza?"

Mke wa Wembe hakugeuza hata shingo.

"Mnyoe," alisema.