Simu Iliyobaki kwa Mama Mkwe

"Hela ya mtu mwenye akili haisafiri na mwenyewe," alisema Masalu, kipaza sauti mkononi, kwenye mkutano mkuu wa chama cha wakulima wa pamba pale Bariadi, mbele ya wanachama waliokuwa wanasubiri soda. "Mimi naenda China mikono mitupu. Nikifika, nikihitaji hela, naiita. Inakuja yenyewe, kama mbwa."

Akatoa kadi ya benki kwenye mfuko wa shati, akainyanyua juu kama refa anayemtoa mchezaji nje. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja wa nyuma akauliza kadi hiyo inakula nini. Masalu akasema haili kitu.

Masalu si tajiri, na ukimwita maskini atakuonyesha pikipiki yake ya matairi matatu. Msimu wa pamba ananunua kwa niaba ya kampuni, anapima, anapakia. Miaka yote hiyo alikuwa akitazama mbegu za pamba zikiondoka Bariadi kwenda kukamuliwa kwingine, kisha mafuta yakirudi kwenye madumu yakiwa na bei ya msafiri. Akaamua atanunua mashine ya kukamua, azikamue hapo hapo. Mashine aliipata mtandaoni, Guangzhou. Arbuni akaituma kupitia benki, na iliyobaki akasema atailipa mwenyewe akishaiona kwa macho, kwa sababu mtu hanunui ng'ombe kwa picha.

Tena alijiandaa vizuri, tusimuonee. Alikwenda benki akawaambia tarehe za safari na nchi anayokwenda, kadi isije ikashtuka ikajifunga. Akaomba kikomo cha malipo ya siku kipandishwe. Akanunua dola chache akazishona kwenye pindo la suruali, jambo ambalo hakulitaja kwenye kipaza sauti.

Kosa lilikuwa kwenye laini. Kijana wa duka la simu alimwambia laini ya Bongo ukiiwasha nje inakula salio hata ukiwa umelala. Na wakulima nao wangepiga, na mkulima asipopokelewa anapeleka pamba kwa mwingine. Kwa hiyo Masalu aliiacha laini yake nyumbani, ndani ya kitochi, kile kisimu kidogo cha vitufe, akaondoka na simu kubwa isiyo na laini. Kwamba laini hiyo ndiyo aliyoiandikisha benki alilijua kama mtu anavyolijua jina la babu wa babu yake: lipo, ila halina kazi ya kila siku.

Nani abaki na kitochi? Mke wake, Mektilda, ni mwalimu wa shule ya msingi, anatoka asubuhi anarudi jioni. Nyumbani alibaki mama yake Mektilda, aliyekuja kutoka Mwanhuzi kumlea mjukuu, Malimi, wa miezi tisa. Asingekuja Masalu akiwepo. Kwao Usukumani mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani wala hawaongei, na wakikutana njiani mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Ni heshima, hakuna ugomvi. Masalu alikuwa amemwona mama mkwe wake mara nyingi, zote kwa nyuma. Anaitwa Milembe, na jina hilo Masalu hajawahi kulitamka.

Siku ya kuondoka, maagizo yalipita kwa Mektilda.

"Mwambie mayu, mtu yeyote akipiga hiyo simu kuomba namba za benki, ni tapeli. Akate."

"Hata akisema ni wewe?"

"Hasa akisema ni mimi."

Mayu, yaani mama, aliambiwa. Akasema amesikia.

Kwenye uwanja wa kubadilishia ndege Masalu alinunua chai. Kimashine cha kadi kikamuuliza alipe kwa hela ya pale au kwa shilingi ya Tanzania. Akachagua shilingi, kwa uzalendo. Guangzhou alipokewa na Paschal, mtu wa Maswa anayesafirisha mizigo ya Watanzania na aliyekaa huko mpaka anakula wali kwa vijiti bila kufikiri. Masalu akamsimulia habari ya chai.

"Ukiulizwa hivyo, chagua hela ya hapo ulipo," Paschal alisema. "Ukichagua ya kwenu, wanakubadilishia wao kwa bei wanayoitaka wao."

"Niliona bendera yetu."

"Ile siyo bendera, kaka. Ile ni bei."

Kadi haikupata kazi siku za mwanzo. Huko watu wanalipa kwa kuielekeza simu kwenye kipicha cha madoadoa, hata muuza mahindi ya kuchemsha ana madoadoa yake. Masalu alimnyooshea mama wa mahindi kadi, mama akaishika, akaigeuza, akamrudishia kwa mikono miwili. Paschal akalipa mahindi.

"Imekataa?" Masalu aliuliza.

"Haijakataa. Hana pa kuichomeka."

Mpango wa mashine ulikuwa hivi: Jumamosi, Mektilda akiwa nyumbani, Masalu angelipa kwa kadi kwenye ukurasa wa malipo wa mwenye duka la mashine. Benki ingetuma namba ya siri ya muda kwenye laini ya Bariadi, Mektilda angemsomea, kwisha. Lakini Alhamisi mchana Paschal alikuja dukani anatembea haraka.

"Kontena limejaa mapema. Linafungwa leo saa kumi na moja. Mashine iwe imelipiwa na imepakiwa, la sivyo inasubiri lijalo, miezi miwili."

Miezi miwili ilikuwa na maana moja tu. Mbegu za msimu zingeondoka Bariadi kama kawaida yake, na mashine ingefika kukamua upepo. Na arbuni hairudi, iliandikwa hivyo, kwa Kichina na kwa Kiingereza.

Ilikuwa saa tisa alasiri Guangzhou, saa nne asubuhi Bariadi. Mektilda alikuwa anasimamia mtihani wa darasa la saba wa majaribio, simu yake imefungiwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Masalu alipiga mpaka Paschal akamwambia aache, simu ni yake na salio ni lake.

"Nyumbani yupo nani?"

"Mama yake Mektilda."

Paschal ni mtu wa Maswa. Alivuta kiti akakaa.

Mwenye duka, mama mmoja mpole aliyekuwa anakunywa maji ya moto, aliwaonyesha ukurasa wa malipo. Masalu akajaza namba za kadi. Ukurasa ukamwambia namba ya siri imetumwa kwenye simu yake, ni ya dakika tano, na akiomba mara tatu bila kuijaza, kadi inafungwa mpaka kesho. Akachukua simu ya Paschal akapiga namba yake mwenyewe.

"Haloo," ilisema sauti ambayo haijawahi kuelekezwa kwake tangu aoe.

Paschal akamgusa bega. "Ongea, dakika hizo zinakwisha."

"Mama, shikamoo. Ni mimi Masalu. Kuna meseji imeingia hapo, nisomee namba zilizomo."

"Masalu yupi?"

"Mkweo."

"Masalu mkwe wangu ana adabu zake," sauti ilisema bila haraka. "Hawezi kunipigia mimi. Wewe ni mwizi, na mama yako alipata hasara."

Ikakatwa.

"Umemwambia 'nisomee'?" Paschal aliuliza.

"Nimemwambia."

"Kwa mdomo huo huo?"

"Nina mwingine?"

"Kwetu Maswa faini yake ni ng'ombe."

"Ni mbuzi."

"Mbuzi ni pale mmegongana mlangoni kwa bahati mbaya. Kumpigia simu umtume kusoma, hiyo ni ng'ombe."

Dakika tano zikaisha wakiwa bado kwenye mifugo. Mwenye duka akaangalia saa ya ukutani, kisha akaangalia kwingine kwa heshima. Masalu akaomba namba ya pili, akapiga tena.

"Mwizi, hujachoka?" alisema Milembe.

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na kelele ya sufuria inayopigwa na kijiko. Malimi alikuwa kazini. Masalu alipoisikia, mwili wenyewe ulikumbuka adabu: akageuka akaupa ukuta uso na watu mgongo, kama aliyeingia porini kupisha njia.

"Malimi," akasema. "Malimi wa baba. Mwangaluka, umeamka salama, baba? Mwambie bibi yako nimekosa. Sasa naongea na wewe, siongei na yeye."

Sufuria ilinyamaza. Kisha sauti ya Milembe ikarudi, ila imeelekezwa chini, kwa mtu mfupi.

"Malimi, mjukuu wangu. Muulize baba yako kama alifika salama."

"Malimi, mwambie bibi nilifika salama."

"Muulize huko mvua imenyesha?"

"Mwambie imenyesha jana."

"Muulize ng'ombe wao wana hali gani?"

"Malimi, mwambie bibi sijaona hata mmoja."

Milembe akaguna kama mtu anayepokea habari ya msiba. "Sasa wanakunywa nini hao watu?"

"Maji ya moto."

"Malimi, mwambie baba yako awape pole."

Masalu aligeuka akampa mwenye duka pole, kwa Kiswahili. Mwenye duka akainamisha kichwa. Namba ya pili ikafa wakati huo huo, maana salamu ya Kisukuma haikatwi katikati, anayeikata huulizwa kama ni mgonjwa. Paschal alinyanyua kidole kimoja: imebaki moja.

"Malimi," Masalu alisema, jasho linashuka kwenye chumba chenye kiyoyozi. "Mwambie bibi kuna meseji itaingia sasa hivi. Aifungue asome. Salamu zilizobaki tutazimalizia."

"Malimi, muulize baba yako. Si ni yeye aliyeagiza kwamba mtu akiomba namba ni tapeli, hata akisema ni yeye?"

"Mwambie bibi ni mimi."

"Hasa akisema ni yeye."

"Hasa. Ndiyo."

"Sasa bibi yako afanyeje?"

Paschal alitazama dari. Masalu alitazama ukuta, ambao ulikuwa na kalenda yenye samaki.

"Malimi, mwambie bibi tapeli angeongea na bibi mwenyewe. Asingejua kwamba inabidi apitie kwako."

Milembe alilipima hilo. Malimi akapiga sufuria mara moja.

"Kweli, mjukuu wangu," alisema hatimaye. "Tapeli hana mkwe."

Masalu akaomba namba ya mwisho. Meseji ikaingia Bariadi, akaisikia ikilia kwenye sikio lake mwenyewe. Kukawa na kubonyeza kwingi, kila kitufe na sauti yake, na wakati mmoja kitochi kikacheza mlio wa krismasi. Kisha:

"Malimi, mwambie baba yako: arobaini."

Masalu akaandika nne, sifuri.

"Halafu sabini na saba."

Akaandika.

"Halafu kumi na..."

Ikasikika sauti ya kitu chenye unyevu. Malimi, aliyekuwa ametajwa mara nyingi asubuhi hiyo kuliko siku zote za maisha yake, alikuwa ameamua kuipokea simu, na anachopokea hukipeleka mdomoni.

"Malimi," alisema Masalu, "mpe bibi simu."

Ilikuwa ndiyo sentensi pekee siku ile iliyokuwa ya Malimi kweli, na Malimi hakuitii. Simu ilitafunwa. Kwenye ukurasa wa malipo sekunde zilikuwa zinahesabiwa kwa rangi nyekundu. Paschal aliacha kutazama dari. Kisha ikasikika kanga ikifuta, na mtoto akilalamika.

"Tisa," alisema Milembe, karibu sana. "Kumi na tisa. Malimi."

Masalu akaandika moja, tisa, akabonyeza. Ukurasa ulizunguka, ukazunguka tena, ukatoa alama ya kijani. Mwenye duka akasema neno moja la Kichina kwa vijana wa nyuma, na mashine ikaanza kusukumwa kwenda nje.

"Malimi," Masalu alisema, amekaa chini sasa, "mwambie bibi imekubali. Mwambie asante."

"Malimi, mwambie baba yako hongera, aje salama. Na umwambie ile simu ya kwanza bibi yako aliisikia."

"Mwambie hata mimi niliisikia."

Mashine ilifika Bariadi kabla mbegu hazijaondoka, na inakamua mpaka leo nyuma ya nyumba ya Masalu, inapiga kelele za kutosha. Masalu mwenyewe alitangulia kufika, Jumatano iliyofuata. Milembe alikuwa ameondoka Jumanne kurudi Mwanhuzi, kitochi amekiacha juu ya meza, kimefungwa kwenye kitambaa, kimejaa chaji.

"Mayu hajasema kitu," Mektilda alimwambia mumewe akimwekea ugali. "Kasema tu zizi lake upande wa mashariki lina nafasi."

Masalu alikwenda mnadani na kadi yake mfukoni, kwa mazoea. Muuza ng'ombe, mzee kutoka kijiji cha Kimali mwenye fimbo na redio, hakuitazama. Alitaka noti, na alizihesabu mara mbili. Mtamba mwekundu wa miaka miwili, asiye na kovu: shilingi laki tisa na elfu ishirini, taslimu.