Ngoma ya Dunguni

Mtama ukianza kuiva, kwetu Ngara hakuna anayestarehe. Ndege huamka kabla ya mwenye shamba. Mwaka ule wa kambi za wakimbizi, mama yangu alimpa kibarua mwanamke mkimbizi, naye akaja na binti yake wa rika langu, ambaye hakuwa amesema neno tangu wavuke mto wa mpakani. Kihangaza chetu na lugha yao ni ndugu wa tumbo moja, hivyo nilidhani anaringa tu.

Tulipandishwa wote wawili dunguni, kwenye jukwaa la miti katikati ya shamba, kuamia ndege wasile mtama. Kutoka juu pale kamba zilitawanyika shambani hadi kwenye makopo ya mafuta ya msaada, yaliyotiwa kokoto. Ukivuta kamba, kopo linalia. Mimi nilivuta ovyo huku nikipiga miayo. Yeye alijifunga kamba mwilini: mikononi, miguuni, na moja kiunoni. Akainua mikono juu kama pembe za ng'ombe, wanavyocheza kwao, akakanyaga, na shamba zima likaitika. Kopo kubwa lilijibu mguu, madogo yakajibu mikono. Nilimwonea wivu, lakini niliziachia kamba zangu nisikilize.

Mama yake alitupa jembe chini. Alisema ile ni ngoma ya harusi, na anayeicheza lazima mwishowe aiimbe. Tangu hapo alilima karibu na dungu akiimba, kila ubeti akiliacha neno la mwisho ili mtoto alimalizie. Mtoto alicheza tu. Mama yangu alimwambia mwenzake avute subira, na subira ikavutwa mpaka mtama ukavunwa.

Kisha ikatoka amri wakimbizi warudi kwao. Barabara ilijaa mafurushi, askari wakifuata nyuma. Mwanamke yule alichepuka akaingia uani kwetu, akapiga magoti mbele ya mama.

"Kaa naye, dada," alisema. "Waliomuua baba yake bado wako kijijini."

Mama alikubali huku analia.

Mwanamke yule aliondoka bila kumuaga mwanawe. Binti alipotoka nje na kumwona anakaribia barabara, alikimbia, na mama yangu akamdaka kiunoni.

"Mama, usiniache."

Sauti ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo. Nilimwona mama yake akisimama, mabega yakamshuka, nikajua amesikia. Mpaka leo nina hasira naye, na sijui ningefanya nini mahali pake. Aliliweka sawa furushi kichwani, akaingia katikati ya watu, akaenda.