Kitambaa cha Meza cha Mama Pasi

Mama Pasi alipanda meli ya mizigo akiwa amevaa viatu vyake vya kuendea harusini. Msimcheke. Hakuna aliyemwambia kwamba ngazi ya meli ile ni chuma chenye matundu, na kwamba kisigino chembamba kikiingia tunduni kimeingia. Basi kiliingia. Akabaki katikati ya ngazi, mguu mmoja juu, mmoja chini, mabaharia wamejipanga ukingoni wakijizuia kucheka, na nyuma yake mumewe amebeba sanduku begani.

"Vua tu, mke wangu," mumewe akasema taratibu.

"Sivui! Niingie peku kwenye kazi ya watu?"

Alivua. Aliingia peku, kiatu kimoja mkononi, na kingine ikabidi king'olewe kwa koleo.

Mama Pasi alikuwa dobi, na si dobi wa kubahatisha. Duka lake lilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, kimejaa mvuke tangu asubuhi mpaka jioni. Shati likipita mikononi mwake, kola ilisimama yenyewe. Mabwana harusi walimpelekea suti, madaktari makoti, nyumba za wageni mashuka. Na kwake nyumbani ndiyo usiseme. Pazia limenyooka, foronya imenyooka, na kitambaa cha meza, loo, kitambaa cha meza usikiguse.

Mumewe alikuwa serahangi, yaani mkuu wa mabaharia wa sitaha, yule anayesimamia kamba, nanga na ufungaji wa mizigo. Tangu waoane yeye ni mtu wa kuja na kuondoka. Akija likizo hukaa kwenye kochi kama mgeni anayesubiri kuitwa. Hacheki. Haongei. Akijitia kusaidia, anaharibu: atafunga milango ya kabati kwa kamba, mafundo ambayo hayafunguki bila kisu. Na lililomtoa Mama Pasi roho kuliko yote ni hili: chakula kikishakuwa tayari, bwana yule huchukua glasi ya maji akaimwaga juu ya kitambaa cha meza, akayatandaza kwa kiganja, kisha akavuta kiti.

"Wewe mtoto mdogo?" Mama Pasi hufoka. "Kitambaa nimekipiga pasi leo leo!"

Naye huomba radhi, huchukua sahani yake akaenda kulia barazani, kaipakata mapajani. Haichukui muda anaanza kuulizia meli. Kwa nini alimwaga yale maji, Mama Pasi hakuwahi kumuuliza. Kesi alishaikata zamani: ni ukaidi tu.

Safari hii ndiyo ingekuwa ya mwisho, kisha mzee apumzike. Kampuni ikamruhusu achukue mkewe kama abiria. Mama Pasi alikuwa amekwisha kununua sanduku jipya aliposikia habari nyingine: nahodha anamtaka serahangi wake aendelee, na jibu analitaka kabla meli haijafunga gati mwisho wa safari. Na mumewe alikuwa amejibu nini? "Nitafikiria." Mtu aliyekula kiapo kwamba anarudi nyumbani, leo anafikiria!

"Nakwenda kumchukua mume wangu," alimwambia wifi yake siku ya kuagana. "Wakitaka serahangi watafute mwingine."

"Nenda taratibu, wifi," yule akamjibu. "Kaka yangu si shati, useme utamkunja umtie sandukuni."

Chumba alichopewa kilikuwa kidogo na safi. Kitanda kimefungwa sakafuni kwa nati, kiti kina mnyororo, kabati lina kitasa cha kubonyeza ili lisifunguke lenyewe. Dirisha lilitazama ubavu wa kontena jekundu, basi. Bahari yote ile, na yeye kapewa kontena! Kila asubuhi alivuta pazia akalisalimia, "Umeamkaje, bwana?"

Siku moja, akiwa ndio kwanza amelisalimia, alisikia mtu anacheka huko nje. Kicheko kikubwa, cha kutoka tumboni, cha mtu asiye na deni na dunia. Mama Pasi akatoka amwone huyo mwenye raha zake ni nani. Alikuwa mumewe. Amesimama kati ya makontena, kofia ngumu imekaa upande, anawaimbia vijana wake huku wanakaza minyororo, anamtania huyu, anampiga huyu kofi la bega. Wote wanamtazama yeye.

Mama Pasi alirudi ndani bila kumwita. Aliionea meli wivu. Ndiyo, chuma kile chote, alikionea wivu kama mke mwenza.

Kwa kuwa hawezi kukaa bure, alikwenda jikoni akamsaidia mpishi kumenya viazi.

"Shemeji," alimuuliza, "huyu serahangi wenu hucheka hivi siku zote?"

"Serahangi?" Mpishi akaangua kicheko. "Huyu akinyamaza, shemeji, tunavaa majaketi ya kuokolea maisha. Tunajua tunazama."

Mama Pasi akakazia macho kiazi chake. Nyumbani mtu huyo alinyamaza likizo nzima, na yeye hakuvaa jaketi lolote.

Akakata shauri. Atamwonyesha mzee utamu wa nyumbani, palepale baharini. Sandukuni alikuwa na kitambaa cha meza cheupe, kimedariziwa maua ya buluu pembeni, alichokidarizi kwa mkono wake. Jioni ile, kabla watu hawajaja, aliingia chumba cha kulia. Na alikuta nini? Kitambaa kilichokuwa mezani kimelowa chepechepe!

"Ama kweli, wanaume wakiachwa peke yao," akasema. Akakitoa, akakikamua, akakianika mlangoni. Akatandaza cha kwake, kikavu, kimenyooka, akakipapasa mara moja zaidi. Sakafu ilikuwa ikiyumba tangu mchana, lakini yeye alikwisha kuizoea, hakuijali. Sahani na bakuli la supu akavipokea mwenyewe dirishani kwa mpishi, akapanga.

Mabaharia waliingia. Wakakitazama kitambaa. Wakatazamana. Serahangi akafungua kinywa, akamwona mkewe anavyong'aa kwa furaha, akakifunga. Nahodha akaketi polepole.

"Kitambaa kizuri sana, shemeji," akasema, akaishika sahani yake kwa mikono miwili.

Wote wakashika sahani zao.

"Mbona mnazishikilia?" Mama Pasi akacheka. "Kuna mtu atawanyang'anya?"

Alikuwepo. Meli ililala upande. Bakuli la supu lilianza safari taratibu, kwa adabu zote, likapita mbele ya fundi wa injini, likapita mbele ya serahangi, likaongeza mwendo, likamwagikia mapajani mwa nahodha. Paja la kuku lilitua kwenye mfuko wa shati la fundi. Mkate ulikwenda zake chini ya kabati, na hadi leo haujulikani ulipo.

Mpishi akatoa kichwa dirishani.

"Nani katoa kitambaa changu? Bahari ikichafuka lazima kiloweshwe, sahani zisiteleze!"

Mama Pasi akamgeukia mumewe.

"Kwa hiyo kule nyumbani..."

"Mkono unamwaga wenyewe," mzee akasema kwa haya. "Kitambaa kikiwa kikavu roho yangu haitulii. Naona kila kilichopo mezani kitanitoka."

"Sasa si ungeniambia!"

"Ungesema nyumba haiendi popote."

Mama Pasi akafikiri. "Ningesema hivyohivyo," akakiri.

Hapo ndipo mzee alipocheka. Alicheka kile kicheko cha kontenani, akigonga meza, machozi yakimtoka, na nahodha mwenye supu mapajani akamfuata, na chumba kizima kikavunjika mbavu. Mama Pasi alicheka na kulia kwa pamoja. Maisha yote alimfukuzia barazani mtu huyu mwenye kicheko kizuri namna hii, na ilimuuma.

Kitambaa alikifua. Alikipiga pasi. Na siku ya chakula cha mwisho, bandari ikiwa imekwisha kuonekana mbele, alikitandaza tena. Bahari ilikuwa imetulia tuli, hata kijiko hakitikisiki.

"Haya, serahangi," nahodha akamwambia mzee alipoingia. "Nasubiri jibu lako. Unabaki au unashuka?"

Watu wakaacha kutafuna. Mama Pasi alikuwa amekuja na hotuba ndefu kuhusu kiapo, ndoa na uzee. Alikuwa ameikariri mbele ya kontena. Hakuitoa. Alinyanyua jagi, akamwaga maji juu ya maua yake ya buluu, akayatandaza kwa kiganja polepole, vilevile alivyozoea kufanya mumewe. Kisha akamvutia kiti.

Mzee aliyatazama yale maji, akaketi.

"Nahodha," akasema, "tafuta mwingine. Mimi nashuka na mke wangu."

Vijana wakapiga meza kwa ngumi, wengine wakishangilia, wengine wakilalamika, na mpishi akafuta macho kwa aproni akisingizia vitunguu.

Wiki chache baadaye wifi yake alikwenda kuwasalimu. Alikuta makabati yote ya nyumba yamefungwa kwa kamba, na mtu anaimba jikoni kwa sauti ya kuamsha mtaa. Akavuta kiti, akaweka mkono mezani, akauondoa haraka.

"Wee, wifi! Mbona kitambaa kimelowa? Leo hukupiga pasi?"

"Nimepiga," Mama Pasi akasema, akimwekea sahani. "Kaa ule. Kaka yako yuko nyumbani."