Jamaa wa Mashimo Alipolia Kwenye Maombi

Aibu hii nimekaa nayo miaka mingi, na kwa kuwa Mungu amenipa uzee wa kuicheka, acheni niwasimulie mwenyewe kabla Mama Tumpe hajawasimulia, maana yeye huongeza chumvi.

Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa, bidhaa zinavuka mto Songwe kutoka Malawi kila siku, na Mama Tumpe, mjane muuza mchele, akanunua televisheni na mashine ya gemu, akafungua banda sokoni Kyela. Watoto wakahama shule ya Jumapili. Mchungaji akamwita aje ajitetee mbele yetu wazee wa kanisa, na aliyepiga kelele kuliko wote kwamba banda lifungwe nilikuwa mimi, katibu.

Sasa, mimi mwenyewe nilikuwa na gemu. (Msinitazame hivyo.) Ilikuwa kwenye disketi, jamaa mmoja anakimbia na kuruka mashimo, na kwenye kompyuta yetu ya zamani ya ofisini akitumbukia ilisikika tik tu, kama mtu aliyebonyeza kitufe, kwa hiyo niliicheza katikati ya vikao huku wenzangu wakisifu ninavyoandika kumbukumbu kwa bidii.

Wiki ile tulikuwa tumeletewa kompyuta mpya, ina spika mbili. Mzee Asajile akaanza sala ya kufungua kikao cha kumsikiliza Mama Tumpe, na sala zake mnazijua, anaanzia uumbaji, macho yote yamefumbwa, nikasema moyoni, mpaka afike kwa Nuhu nitakuwa nimemaliza. Nikaingiza disketi. Jamaa akakimbia, akatumbukia.

"Aaaaaiiiih!"

Mzee Asajile, bila kufumbua macho, akapaza sauti: "Mmemsikia? Pepo wa gemu analia! Ombeni, wapendwa!"

Wakaomba kwa nguvu. Nami katika kutapatapa kutafuta kitufe cha kuzima nikabonyeza cha kuanza upya, jamaa akakimbia, akatumbukia, akalia tena, wazee wakaitikia "Toka! Toka!", na mimi (Mungu anisamehe) nikaitikia nao.

Mama Tumpe akainuka kwenye benchi. "Samahani, tata, baba mchungaji. Huyo siyo pepo. Huyo ni jamaa wa mashimo, kwangu kwenye televisheni analia hivyo hivyo kutwa." Akazunguka meza, akachungulia. "Heee, katibu! Unafia shimo la kwanza? Hilo kwangu hata mtoto wa darasa la pili analiruka!"

Mchungaji alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaniuliza kwa upole, "Katibu, hoja yako ya kufunga banda bado ipo?"

Haikuwepo. Banda likabaki, ila likawa linafungwa saa za ibada, na Mama Tumpe akasomesha wanawe kwa hilo hilo, namshukuru Mungu.

Tangu siku ile, maombi yakianza, mikono yangu naiweka mezani, wazi, kila mtu aione. Na lile shimo? Mama Tumpe alinifundisha mwenyewe, bure: unaruka mapema, kabla hujafika ukingoni. La pili ndilo bado linanishinda.