Uwalii wa Waziri Mdogo

Kaka yangu Kamaludin ndiye msomi wa kwanza wa uchumi hapa mtaani kwetu Bondeni, na watu wakitaka kumsifu mbele yangu nawaambia wakamsifie mbali.

Baba alikufa tungali wadogo. Mimi nilitolewa skuli nikakalishwa na sindano, nikadarizi kofia mpaka vidole vikaota sugu, ili Kamaludin asome. Akasoma kweli. Akaenda Makerere, akaenda Ulaya, akarudi na shahada na miwani. Serikali ikampa kazi ya kupanga uchumi, na mwaka 1966 akafanywa Waziri Mdogo wa Fedha. Mama alipika pilau ya mtaa mzima. Mimi nilifurahi kuliko wote, mjinga mimi.

Mwaka uleule nikaposwa na Abdulghafur, mwalimu wa Tononoka. Kwa kuwa Baba hayupo, walii wangu ni Kamaludin. Yeye ndiye wa kunioza, au amweke wakili kwa kauli yake mwenyewe. Nilikuwa na ombi moja tu kwake: aje akae msikitini, amshike mkono bwana harusi, aseme, "Nimekuoza dada yangu." Akaahidi atakuja kutoka Nairobi. Ijumaa ya harusi akaja dereva na bahasha ya serikali.

Mimi nilikuwa ghorofani na hina yangu; ya msikitini alinihadithia Mjomba Athmani, kaka wa Mama, ambaye kwa sheria hawezi kuwa walii. Barua ilikuwa ya Kizungu, ina nambari ya faili. Ikabidi bwana harusi mwenyewe aifasiri mbele ya watu: "Nimeagizwa na Waziri Mdogo kuwaarifu kuwa hana pingamizi." Chini pana sahihi ya karani wake, Jael.

Hana pingamizi! Kana kwamba niliomba leseni ya duka! Mtu aliyehitimu Kurani kabla hajajua kuvaa viatu, amezoea kutiliwa sahihi hata amesahau kuwa dada haozwi na karani.

Maalim Aidarus, kadhi, akairudisha barua ile. "Walii ni ulimi wake au mkono wake," akasema. "Mkono huu si wake."

Mjomba akakimbilia posta kupiga simu Nairobi. Akajibiwa Waziri yuko mkutanoni, aache ujumbe. Akangoja saa nzima, akapiga tena. Bado mkutanoni. Msikitini wageni walikuwa wameanza kunong'ona, na wazee wa Abdulghafur wanatazamana.

Hatimaye Mjomba akapanda ngazi na mashahidi wawili, wakasimama nje ya pazia. Nilimsikia akihema.

"Mwanangu Mwanakuu, Maalim asema nduguyo yu mbali na hapatikani. Kadhi ndiye walii wa asiye na walii. Waridhika akuoze yeye?"

"Naridhika," nikasema. "Na aandike sina ndugu."

"Usiseme hivo, mwanangu!" Mama akaniziba kinywa. Nikauondoa mkono wake, nikarudia kwa sauti, wasikie mpaka barabarani.

Kamaludin alikuja baada ya wiki tatu, amekasirika, eti tumemwaibisha. Sikubishana naye. Nilimletea cheti cha ndoa asome mwenyewe, yeye bingwa wa kusoma. Palipotakiwa jina la walii pana jina la kadhi, kama anavyoandikiwa mtoto wa kuokotwa. Alisoma, akavua miwani, akaniomba kalamu aandike jina lake kwa mkono wake mwenyewe.