Neno la Mama Jeanne

Asubuhi ile nilikuwa nakaanga mikate, mandazi yetu madogo, mbele ya nyumba yetu, mtaa wa Shituru, karibu na reli. Ndani, kaka yangu Simon alikuwa akicheza na wanangu. Alikuwa soda, askari wa serikali, amekuja likizo, amevaa kaptura na fulana kama kijana yeyote wa mtaani.

Milio ya risasi ilianzia upande wa stesheni. Waasi wenye silaha walikuwa wametoka porini na kuingia mjini.

Walipita nyumba kwa nyumba. Kwetu walichukua mikate na simu, wakamtazama Simon, wakaondoka.

Walikuwa wameshaondoka.

Kwa jirani yangu, Mama Jeanne, waliomba maji tu. Nilimsikia kupitia ukuta, hata akitaja jina langu.

"Maji njo haya, batoto yangu. Siye hapa hatuna mubaya na muntu. Hata ule soda mwenye iko kwa Mama Odile, ni muntu muzuri sana."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Wakarudi.

Simon alisimama kabla hawajamshika. "Muache batoto," aliwaambia. "Twende inje."

Walimpeleka relini. Risasi mbili.

Kwenye matanga Mama Jeanne alinishika miguu akilia. "Yaya, dada yangu, sikuwaza. Ilitoka tu. Mungu njo alipanga."

Mungu! Mungu hakufungua kinywa siku ile. Aliyefungua ni yeye. Na miaka yote hii hajajifunza kitu: bado anasimama bombani kutangaza mimba ya huyu na safari ya yule, nani kaenda kuchimba kwa siri kwenye mgodi uliofungwa wa Shinkolobwe. Pasta ananiambia hasira ni dhambi. Pasta hakuosha damu ya Simon.

Mama yetu sasa haoni, anaishi kwangu. Hajui nani alisema. Anajua tu kwamba Mama Jeanne humletea bukari, ugali wetu, na mboga, humsuka nywele, humsomea Zaburi. Hana rafiki mwingine aliyebaki.

Mara ngapi neno limenijia mpaka kwenye meno! Nalipima. Likitoka, Simon harudi, na mama atakaa peke yake gizani. Nalimeza.

Jana, Mama Jeanne alipoondoka, mama alipapasa nywele zake mpya, akatabasamu.

"Ule mama iko na roho muzuri, Odile. Hapana?"

Nilimsogezea sahani ya bukari.

"Ndiyo, mama," nikajibu.