Bwana Josho Kwenye Tamasha la Katuni

Germana Ndahani alikuwa na siri aliyoitunza kwa miaka minne, na siri hiyo ilisomwa na watu elfu kumi na moja kila Alhamisi.

Mchana alifanya kazi katika duka la uchapaji la dada mmoja aitwaye Angelina, jirani na soko la Majengo mjini Dodoma. Alisanifu kadi za harusi, mabango ya mikutano ya injili na fulana za vikundi vya akina mama. Jioni akirudi chumbani kwake Nkuhungu, aliosha vyombo, akawasha tableti yake ya kuchorea na kuingia kwenye kazi yake ya pili, ambayo moyoni mwake ndiyo ilikuwa ya kwanza. Alichora katuni ya mtandaoni iitwayo Bwana Josho. Chini ya kila ukurasa hakuandika jina lake, aliandika tu "G. wa Kongwa".

Bwana Josho ni afisa mifugo mrefu, mwembamba, mwenye buti za mvua hata kiangazi na kofia ya kufuma hata jua likiwa utosini. Huzunguka vijijini kwa pikipiki akitibu wanyama, na kila mnyama anayemtibu huongea naye kwa heshima zote. Wanyama humjibu, tena kwa kirefu, ila yeye hawasikii. Mbuzi atamwambia kwamba mgonjwa si yeye, ni yule wa nyuma yake. Bwana Josho atamchoma sindano huku akimsihi awe mvumilivu.

Wasomaji walidhani G. wa Kongwa ana akili ya kubuni. Hawakujua kwamba Bwana Josho alikuwa baba yake mzazi.

Mzee Sila Ndahani alikuwa afisa mifugo wilayani Kongwa kwa miaka thelathini na miwili. Hata jina hilo hakupewa na bintiye. Watu wa Hogoro ndio waliomwita hivyo, kwa sababu siku ya kuogesha ng'ombe hapakuwa na mtu aliyewahi kumtangulia kufika joshoni. Germana alipokuwa mdogo, wakati wa likizo alipanda nyuma ya pikipiki na kwenda naye kazini. Baba alimpa maboksi matupu ya chanjo, naye akayapasua na kuchora upande wa ndani, ule usio na maandishi, mpaka kazi iishe. Alimsikia baba yake, ambaye nyumbani alikula chakula kizima bila kusema neno, akimweleza ndama habari za mvua, za kanisa na za bei ya mahindi.

Sasa mzee alikuwa amestaafu. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa suruali iliyopigwa pasi ikasimama mstari. Ndiyo maana Germana hakuthubutu kumwambia. Sehemu iliyopendwa kuliko zote ilimwonyesha Bwana Josho amekimbizwa na dume la ng'ombe, yuko juu ya paa bapa la nyumba ya tembe, buti moja iko mguuni na ya pili iko mdomoni mwa mbwa. Kisa hicho kilitokea kweli. Mzee alikisimulia mara moja tu mezani, na hakucheka. Germana alijifariji kwamba simu ya baba yake ni ya vitufe, na kwamba mtandao na Kongwa ya baba yake ni dunia mbili.

Angelina, aliyeijua siri hiyo, ndiye aliyemtoa chumbani. Mwaka juzi aliona tangazo la tamasha la katuni Dar es Salaam, akalipia meza, akachapa vijitabu mia moja kwa mashine zake mwenyewe, kisha akamwarifu mfanyakazi wake kwamba Ijumaa hiyo hana haja ya kuja kazini. Germana alipanda treni ya asubuhi, begi la vijitabu likiwa mapajani njia nzima kama mtoto mchanga.

Siku ya kwanza ilikuwa ngumu. Ukumbi ulijaa vijana waliochora mashujaa wenye misuli na wasichana wenye macho makubwa kama visahani. Wengine walivaa kama wahusika wao, deraya za kadibodi, mapanga ya mbao, nywele za buluu. Watu walipita mbele ya meza ya Germana, wakamtazama ng'ombe kwenye jalada, wakaendelea na safari. Aliuza vijitabu viwili. Kimoja kilinunuliwa na binamu wa Angelina.

Kwenye meza ya kulia kwake alikaa Zaidi, kijana mnene wa Tanga aliyechora majini walioajiriwa benki. Huyo aliuza tangu asubuhi bila kupumzika. Karibu na saa tisa aligeuza kiti chake.

"Dada, samahani," akamwambia. "Unauza katuni, au unamngoja daktari?"

Germana alikuwa ameinamia simu, mabega yamejikunja. Alicheka kwa aibu. Zaidi alimweleza kwamba watu hawanunui karatasi, wananunua mkono unaochora. Aweke simu begini, atoe kalamu, achore mbele ya macho yao. Germana alifikiri kidogo, kisha akachukua kadi akaandika kwa herufi kubwa: NIAMBIE MNYAMA WA KWENU, NIKUCHOREE ANACHOFIKIRI JUU YAKO.

Wa kwanza kusimama alikuwa msichana wa deraya ya kadibodi. Alieleza kwamba kwao Mbagala kuna kuku anayelala juu ya televisheni. Germana alimchora kuku huyo amekunja mbawa kama mwenye nyumba, anasema: "Wapangaji hawa, wakipandisha sauti tena nawahamisha." Msichana alicheka mpaka deraya ikalegea begani, akaenda kuwaita wenzake. Akaja mtu wa paka wa Temeke, akaja mtu wa mbwa anayeogopa bajaji. Siku ya pili kulipambazuka na foleni, na mpaka saa nane mchana vijitabu vilikuwa vimekwisha.

Lakini kilichomkaa rohoni hakikuwa mauzo. Mwanamume mmoja wa makamo, mwenyeji wa Singida, alimwambia kwamba mama yake haoni tena, na kila Alhamisi yeye humpigia simu akamsomea Bwana Josho, akimweleza kila picha. Mama huyo husubiri zamu ya mbuzi kuongea. Germana alikuwa ameziona namba za wasomaji kwa miaka miwili na zaidi, wala hakuwahi kufikiri kwamba ndani ya namba moja kulikuwa na mama na mwanawe. Kwenye treni ya kurudi, begi likiwa tupu, alichora kutoka Morogoro mpaka Dodoma bila kuinua kichwa.

Baada ya hapo hakubaki nyuma. Alikwenda Arusha, akarudi Dar mara ya pili, akajifunza kufunga bango lake kwa dakika tatu na kula karanga kwa mkono mmoja huku mwingine ukichora. Mwaka jana mwezi wa Septemba, kwa mara ya kwanza, tamasha lilifanyika Dodoma kwao.

Upepo wa mwezi huo uliujaza ukumbi vumbi jekundu. Zaidi alikuwa amesafiri kutoka Tanga na majini wake, akaomba awekwe meza ya jirani. Jumamosi, kabla ya saa tano, watu kama ishirini walikuwa wamesimama mbele ya meza ya Germana simu yake ilipolia. Alikuwa Angelina. Alisema mzee Sila alikuja mjini kuchukua miwani yake mipya, akapita dukani kumsalimia binti yake, akaambiwa ukweli kwamba binti yuko kwenye tamasha la michoro yake. Angelina alikuwa amempakia kwenye bodaboda dakika kumi zilizopita.

Germana alitazama meza. Vijitabu angeweza kuvisukuma chini ya kitambaa. Lakini nyuma yake lilisimama bango refu kuliko yeye, na juu ya bango alikuwa Bwana Josho mzima, na buti, na kofia, na pua ya familia ya Ndahani. Alinyanyuka kulikunja, na mlangoni akamwona baba yake ameshaingia, mrefu, mwembamba, kofia ya kufuma kichwani, anafuta vumbi kwenye miwani mipya.

Kabla Germana hajamfikia, mwanamke mmoja kwenye foleni aligeuka. Aliitwa Shakila, muuguzi aliyetoka Kondoa alfajiri kwa ajili ya siku hiyo. Alimtazama mzee, akalitazama bango, akamtazama mzee tena. Kisha akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Bwana Josho."

"Marahaba," alijibu mzee, bila kushangaa hata kidogo. "Wewe ni wa Hogoro? Ng'ombe wenu hawajambo?"

Foleni nzima iligeuka. Shakila alijibu kwamba yeye ni wa Kondoa na kwao wana mbuzi tu, hawajambo, ila mmoja ana kikohozi. Mzee alimuuliza kikohozi hicho kimeanza lini, na kama mbuzi anakula. Walikuwa bado kwenye kikohozi Germana alipofika, akamwamkia baba yake. Mzee alimshika bega, akasogea mezani, akachukua kijitabu cha juu.

Kilikuwa kile cha tembe.

Alisoma kwa kusimama, taratibu, akilamba kidole kila alipofunua ukurasa. Hakuna aliyemharakisha. Zaidi aliacha kuuza. Germana alihesabu maua kwenye kitambaa cha meza, akirudia moyoni maneno ya kuomba radhi aliyoyapanga miaka minne. Mwishowe mzee alifunga kijitabu.

"Ng'ombe huyu ana meno ya mbele ya juu," alisema.

Germana hakuelewa.

"Ng'ombe hana meno ya mbele ya juu, mama. Ana ufizi mgumu tu. Nilikuonyesha ukiwa darasa la tatu." Akafungua tena, akaweka kidole kwenye picha. "Na hapa umeandika nilikaa juu ya tembe mpaka jioni. Nilikaa mpaka kesho yake asubuhi. Walinipa ugali na mlenda kwa ngazi."

Kicheko kilianzia kwa Shakila, kikaenda nyuma ya foleni, kikarudi. Mzee alitazama huku na huku, na Germana akaona kitu ambacho hakuwahi kukichora kwa sababu hakuwahi kukiona: baba yake akijizuia kucheka, na kushindwa.

Walimletea kiti. Watu walimwuliza juu ya dume lile, naye akasimulia kwamba halikuwa kali kwa asili, lilikuwa na jino bovu na hakuna aliyelisikiliza. Alisimulia punda wa Mlali aliyekataa kupita mbele ya kanisa. Germana alichora huku yeye anaongea, ukurasa baada ya ukurasa, na kila mara mzee aliinama kukagua kwato. Mtu akija na mnyama wa kwao, ilibidi kwanza aeleze mnyama huyo anakula nini na amepata chanjo lini, ndipo achorewe. Foleni ilikwenda polepole na hakuna aliyeondoka.

Saa kumi na moja Germana alimsindikiza mpaka kituo cha magari ya Chamwino, kwa shangazi, ambako angelala.

"Nilidhani siku zile za maboksi ulikuwa unachora ng'ombe," mzee alisema njiani.

"Nilikuwa nachora ng'ombe pia, baba."

Aliitikia kwa kichwa. Akapanda gari, akakaa, akafungua dirisha akauliza kesho wanafungua saa ngapi.

Jumapili alikuja moja kwa moja kutoka ibada ya kwanza, mfuko mkononi. Ndani ya mfuko mlikuwa na buti za mvua alizoazima kwa shemeji yake. Alizivaa nyuma ya bango, akaipigapiga suruali yake mpaka mstari ukakaa sawa ndani ya buti, akatoka. Watu wa Kongwa waliokuwapo walimsalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi", wageni wakapiga picha naye. Meza ilipopoa kidogo, alitoweka. Germana alimkuta upande wa pili wa ukumbi, kwa kijana aliyechora joka kubwa lenye mabawa. Mzee alikuwa anamweleza kwa upole kwamba mnyama mzito kiasi hicho hawezi kuruka kwa kifua chembamba vile, aongeze nyama hapa na hapa. Kijana alikuwa ameshatoa kalamu.

Tangu hapo, kila Jumanne jioni simu ya vitufe hupiga kutoka Kongwa. Mzee hasalimii kwa muda mrefu. Huanza moja kwa moja, "Kulikuwa na mbuzi mmoja pale Pandambili," na Germana hubana simu kwa bega na kuvuta tableti karibu. Ng'ombe wote wamerekebishwa meno, kuanzia sehemu ya kwanza. Sehemu ya tembe imechorwa upya, na ngazi, na mlenda, na mapambazuko, na sasa chini ya kila ukurasa imeandikwa Germana Ndahani.

Fomu ya tamasha la mwaka huu ilipofika, iliuliza majina ya watakaokaa mezani, ili watengenezewe vitambulisho vya kuvaa shingoni. Germana aliandika la kwake, kisha akampigia baba yake kumwuliza wamwandikeje: Sila Ndahani, au Bwana Josho.



"Andika yote mawili," alisema mzee. "Halafu ongeza mstaafu, wasije wakaniletea ng'ombe ukumbini."